Waliomcheka Mpiga-Foto



Kila kazi mpya inapotokea duniani, watu wa namna mbili huikimbilia: mwenye kuitaka na mwenye kuicheka. Wa kwanza huleta fedha zake. Wa pili huleta ulimi wake, au kalamu yake. Leo twataka kuwaonyesha jinsi kazi ya kupiga foto ilivyochekwa huko Ufaransa na Uingereza siku zile ilipozaliwa, na kuipima mizaha ile mmoja mmoja. Maana mzaha nao ni kazi. Una mafundi wake na wavivu wake, una haki yake na dhambi yake. Mtu anayejitetea kwa kusema, «Ni mchezo tu,» hajajibu kitu.

Kipimo chetu kitakuwa maswali mawili. La kwanza: je, huyu anayecheka anaijua kazi anayoicheka? La pili: anamcheka nani? Fundi, kwa sababu ya jasho lake na ugeni wake, au mwanadamu, kwa sababu ya majivuno yake? Tukiyashika maswali haya mawili hatutapotea njia.

Wazimu wa mwaka wa kwanza

Tarehe 19 Agosti 1839, mjini Paris, mtaalamu mkubwa François Arago alieleza mbele ya wenzake jinsi Louis Daguerre alivyoweza kuishika sura ya vitu kwa nuru ya jua. Daguerre alikuwa mchoraji wa picha kubwa za maonyesho. Kazi hii aliiendeleza baada ya mwenzake Nicéphore Niépce, aliyekufa mwaka 1833. Namna yenyewe ilikuwa hivi: bamba la shaba lililofunikwa na fedha hufukizwa kwa mvuke wa iodi, hutiwa ndani ya sanduku lenye jicho la kioo, huachwa mbele ya nuru dakika nyingi, kisha hufukizwa kwa zebaki hata sura itokee. Bamba moja lilitoa foto moja tu.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Kila mwenye uwezo alitaka sanduku lake. Miezi minne haijapita, mwezi wa Desemba mwaka ule ule, mchoraji Théodore Maurisset alitoa picha yake ya mzaha iitwayo «La Daguerréotypomanie», maana yake wazimu wa daguerreotype. Ni picha iliyojaa watu kama soko siku ya sikukuu. Umati mkubwa unasongamana kuingia katika nyumba ya foto. Masanduku yamebebwa begani, yamepakiwa katika gari la moshi na katika meli, yapelekwe nchi za mbali. Mwingine amepanda juu katika puto na sanduku lake. Na pembeni kuna miti ya kunyongea, yenye tangazo kwamba inakodishwa kwa mabwana wachonga-picha.

Tusimame kidogo mbele ya miti hiyo. Siku zile picha nyingi za vitabu na za magazeti zilichongwa kwa mkono, juu ya shaba au juu ya mti. Maurisset anasema: kazi ya watu hawa imekwisha, na wajinyonge. Yeye mwenyewe aliishi kwa kuchora na kuchapa picha; kwa hiyo mzaha huu una machozi ndani yake. Mtu anacheka huku ameshika mfuko wake. Ndiyo sababu picha ile yapendeza hata leo: mchoraji hakudharau, aliogopa.

Lakini je, aliona vema? Alikosea mtu wa kunyonga. Wachonga-picha waliendelea kula kwa kazi yao miaka mingi tena, maana magazeti hayakuweza kuchapa foto yenyewe mpaka miaka ya 1880 na kuendelea. Foto ilibidi ichongwe upya kwenye mti ndipo ichapwe. Walioumia upesi ni wale waliochora nyuso za watu katika picha ndogo za kuvaliwa shingoni au za kuwekwa mezani. Wengi wao waliacha burashi wakashika sanduku, wakawa wapiga-foto wao wenyewe. Puto, kinyume chake, alilibashiri sawasawa: miaka kumi na tisa baadaye mtu alipiga foto kutoka angani kweli. Basi Maurisset twamhesabia mzaha wa macho makali na moyo wenye wasiwasi. Kazi yenyewe hakuijua sana, maana ilikuwa na miezi minne tu. Lakini watu wake aliwajua.

Kiti cha mateso

Honoré Daumier ni mwingine kabisa. Alizaliwa Marseille mwaka 1808, akafungwa mwaka 1832 kwa kumchora mfalme wa Wafaransa kama jitu linalomeza mali ya watu, na katika maisha yake alichora picha za kuchapwa kwa jiwe karibu elfu nne. Nyingi zilitoka katika gazeti la mzaha Le Charivari.

Mwaka 1840 alimchora mpiga-foto akingoja kando ya sanduku lake, na chini yake akaandika kwamba subira ni fadhila ya punda. Sisi husema subira yavuta heri. Daumier anauliza kama heri yenyewe itafika kabla jua halijatua. Mzaha huu ni mwepesi, na kwetu unapungua kitu. Punda ni nani? Ni yule anayefanya kazi pole pole kwa sababu kazi yake haiwezi kwenda mbio. Kwa kipimo hicho hata mkulima anayengoja mahindi ni punda, na hata mama anayengoja maharagwe yaive.

Mzaha wake wa mwaka 1847 ni bora zaidi. Hapa amekaa mtu kitini mbele ya mpiga-foto, na kichwa chake kimekazwa na chuma kwa nyuma. Maandishi yasema kwamba hivi ndivyo watu wanavyodhani inafaa kukaa ili kupata sura nzuri. Chuma hicho hakikutungwa na Daumier. Kilikuwako katika kila nyumba ya foto, kwa sababu aliyetikisika kidogo alitoka na nyuso mbili au bila uso. Mchoraji ameijua kazi, ameonyesha chombo chake cha kweli. Na anayechekwa si fundi. Ni huyu bwana aliyekubali kukabwa kama mwizi ili wajukuu wake wamwone mzuri. Tena mwaka 1853 Daumier aliweka watu wawili ubavu kwa ubavu mbele ya foto, mmoja akikaa kama mtu wa kawaida, mwingine akijipinda kama mstaarabu. Msomaji hahitaji kuambiwa ni yupi wa kuchekwa. Hapo mzaha umepata mahali pake pa haki.

Mchekaji aliyepanda puto

Mtu mmoja alikaa pande zote mbili za jambo hili: Gaspard-Félix Tournachon, ajulikanaye kwa jina la Nadar, aliyezaliwa mwaka 1820 na kufa mwaka 1910. Kwanza alikuwa mchora-mizaha wa magazeti. Mwaka 1854 alitoa karatasi kubwa sana yenye vichwa vya waandishi zaidi ya mia mbili, vyote vimechorwa kwa kuchekesha. Hujafa hujaumbika: karibu na siku hizo hizo akawa mpiga-foto, na mmoja wa wakubwa kuliko wote. Mwaka 1858 alipanda puto karibu na Paris akapiga foto ya nchi kutoka juu.

Daumier, aliyekuwa amekwisha kukaa mbele ya sanduku la Nadar, akamchora. Picha ilitoka tarehe 25 Mei 1862 katika gazeti Le Boulevard. Nadar yumo ndani ya kikapu cha puto, upepo unamvua kofia, naye ameinama juu ya sanduku lake. Chini yake Paris nzima, na kila nyumba ina neno moja ukutani: foto, foto, foto. Maandishi yasema Nadar anaipandisha foto mpaka kwenye kimo cha sanaa.

Ili kuonja mzaha huu, yafaa kujua kwamba mwaka ule ule wa 1862 mahakama za Ufaransa zilikuwa na kesi ya Mayer na Pierson, wapiga-foto walioibiwa kazi yao. Swali lilikuwa: je, foto ni kazi ya sanaa, ilindwe na sheria kama picha ya mchoraji, au ni kazi ya mashini tu? Mahakama ikaamua kwamba yaweza kuwa sanaa. Wachoraji wakubwa, Ingres akiwamo, wakatia sahihi barua ya kupinga. Basi Daumier anauliza kwa mchoro: kimo hiki cha sanaa kimefikiwa kwa ufundi, au kwa hewa ya moto? Ni mchezo wa neno moja, kimo, lakini neno hilo limebeba kesi nzima. Na mwenye gazeti lile, Étienne Carjat, alikuwa yeye mwenyewe mchora-mizaha na mpiga-foto pamoja! Wamecheka ndani ya nyumba yao, na aliyechekwa alikuwa rafiki. Mzaha wa namna hiyo hauvunji urafiki, tena unasema kweli ambayo adui asingeisikiwa.

Dharau si mzaha

Kinyume chake ni neno la Charles Baudelaire, mtunga-mashairi. Mwaka 1859 aliandika juu ya maonyesho ya picha ya Paris, akawapiga wapiga-foto kwa ukali: kwamba kazi yao ni kimbilio la wachoraji walioshindwa, wasio na kipaji au wavivu wa kumaliza masomo yao; na kwamba foto ikae mahali pake kama mtumishi wa elimu. Katika neno hilo la mwisho twaona busara fulani, maana aliona hatari ya watu kudhani kwamba kila kinachonakiliwa sawasawa ni kizuri. Lakini katika lile la kwanza hakuna busara, kuna dharau. Amepima kazi nzima kwa watu waliokuja wamechelewa. Na tena: Baudelaire huyo huyo alikwenda kukaa mbele ya Nadar na mbele ya Carjat, na sura yake twaijua leo kwa sababu ya wale aliowaita wavivu.

Ni vema kuweka hapa sauti nyingine, iliyo karibu na nyumba yetu. Mwaka 1867 askofu wa Perugia, kardinali Gioacchino Pecci, alitunga shairi fupi la Kilatini kuisifu foto. Mwaka 1878 ndiye aliyekuwa Baba Mtakatifu Leo wa 13. Wengi walidhani kazi hii mpya ni ya mitaani tu, isiyostahili lugha ya wazee. Yeye aliipa lugha ile ile, bila kuona aibu.

Vidole vyeusi na jamaa wenye kiburi

Twende sasa Uingereza. Mwaka 1855 mjini London kilitoka kitabu kizima cha kuwacheka wapiga-foto, «Photographic Pleasures». Aliyekiandika na kukichora alijiita Cuthbert Bede. Jina lake hasa Edward Bradley, mchungaji wa Kanisa la Kiingereza. Alisoma Durham, walikozikwa Mtakatifu Cuthbert na Mtakatifu Beda, ndipo akaazima majina yao kwa mzaha wake. Tunadhani watakatifu wamemsamehe, maana mzaha ni wa upole.

Bradley aliijua kazi. Siku zile, tangu mwaka 1851, watu walitumia kioo kilichopakwa dawa, na kioo hicho ilipasa kitumiwe kikiwa bado na unyevu. Mpiga-foto alikwenda shambani na hema lake la giza na chupa zake zote. Dawa ya fedha iliyotumika huacha doa jeusi kwenye ngozi, lisilotoka kwa sabuni. Katika gazeti la mzaha Punch, mwaka 1853, Bradley alichora mama akimwomba mwenye dawa amtoe binti yake madoa usoni, kwa sababu binti amependa foto kuliko uso wake. Mahali pengine mpiga-foto ameingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi, amefurahi kwamba mandhari imekaa sawa, na kumbe ng'ombe dume anamjia kwa pembe. Hapa fundi ndiye anayechekwa, lakini kwa sababu ya bidii yake iliyozidi. Mtu yeyote aliyewahi kuzama katika kazi yake hata chungu kikaungua atajitambua.

Lakini taji twampa Lewis Carroll. Jina lake la kweli Charles Lutwidge Dodgson, mwalimu wa hesabu wa Oxford. Mwaka 1856 alinunua sanduku la foto; mwaka 1857 alitoa shairi «Hiawatha's Photographing», lililofuata mwendo wa shairi kubwa la Mmarekani Longfellow. Hadithi yake ni nyepesi. Mpiga-foto anafika kwa jamaa moja yenye mali. Baba anataka kusimama kama Napoleon, mkono ndani ya koti. Anatikisika, foto inaharibika. Mama anakuja amejipamba kupita kiasi, na shada kubwa la maua, na mdomo haufungi muda wote, inaharibika. Mtoto wa kiume aliyesoma vyuo ana elimu yake ya mistari mizuri ya mwili, inaharibika. Binti anataka kuonekana mwenye uzuri mtulivu, akalegeza macho, inaharibika. Mdogo wao hatulii. Mwisho fundi anawakusanya wote pamoja, na kwa bahati foto inatoka safi, kila mmoja kama alivyo.

Hapo ndipo wanapokasirika. Foto zilizoharibika waliweza kuzivumilia. Iliyosema kweli wanaitukana. Fundi anafunga mizigo yake na kukimbilia treni.

Angalieni jinsi mzaha huu unavyojibu maswali yetu yote mawili. Carroll anaijua kazi mpaka vidoleni, anajicheka pamoja na wenzake, na mkuki wake unakwenda moja kwa moja kwa majivuno. Kila mtu wa jamaa ile ameleta mbele ya kioo mtu mwingine anayetamani kuwa. Kosa la fundi ni moja tu: amewaletea wao wenyewe.

Hata hivyo tumpunguzie Carroll kidogo. Yeye alipiga foto kwa kupenda, mshahara wake ulitoka kwenye hesabu. Kwa hiyo fundi wake aweza kupanda treni. Anayekula kwa foto hana treni. Mjini Paris, Disdéri alikuwa amechukua haki ya kadi ndogo za foto mwaka 1854, nyuso kadhaa juu ya kioo kimoja, bei ikashuka, wateja wakajaa. Fundi wa namna hiyo akitukanwa hana budi kutabasamu, kufuta mikunjo usoni mwa mteja kwa burashi ndogo, na kumwambia, «Umetoka vizuri, bwana.» Mzaha juu ya huyo, anayelipwa ili aseme uongo wa adabu, ungekuwa na uchungu zaidi, na Carroll hakuugusa.

Mfalme aliyelaani sanduku

Twafika kwetu Kongo, maana habari hii ina mwisho wake hapa. Mwaka 1904, katika siku za mpira wa damu, mmisionari wa Kiprotestanti Alice Seeley Harris alikuwa Baringa. Huko alipiga foto ya Nsala, baba aliyekaa barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali, aliyeuawa na askari wa kampuni ya mpira. Foto hizo zilipelekwa Ulaya na Marekani zikaonyeshwa watu.

Mwaka 1905 Mark Twain, bingwa wa mizaha wa Marekani, akatoa kijitabu «King Leopold's Soliloquy». Ndani yake mfalme Leopold wa 2 anasema peke yake, anajitetea, anakasirika. Magazeti ameweza kuyanunua, mashahidi ameweza kuwakanusha. Lakini kuna sanduku dogo, kodak, na hilo analilaani kuliko wote, maana ndilo shahidi asiyepokea rushwa. Na katika kijitabu hicho foto zenyewe zilichapwa. Mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa Kongo, ikawa mali ya serikali ya Ubelgiji. Hatusemi kwamba foto peke yake ilifanya hivyo. Wengi waliandika na kupiga kelele miaka mingi. Twasema kwamba ilikuwa ngumu kuijibu.

Tazameni basi njia ndefu. Mwaka 1839 mzaha ulimcheka mwenye sanduku. Mwaka 1905 mzaha unamcheka anayeliogopa. Ni kicheko kile kile cha shairi la Carroll, lakini kimekuwa kizito mno: mtu mwenye kiburi ameonyeshwa sura yake kama ilivyo, akaitukana foto. Tofauti ni kwamba jamaa wa Carroll walificha ujinga, na Leopold alificha damu.

Neno la mwisho

Siku hizi karibu kila mtu ana foto katika simu yake, na mpiga-foto wa parokia anachekwa tena, kwa namna nyingine. Akija kwenye arusi au kwenye Komunyo ya kwanza, wapo wanaosema, «Hiyo nayo ni kazi? Hata mtoto wangu anapiga.» Kisha wanapunguza bei, na foto ikitoka wanalalamika kwamba imewafanya wanene. Waliosoma shairi la Carroll wanawajua watu hawa tangu mwaka 1857.

Hatuwakatazi kucheka. Kazi isiyoweza kuchekwa huota kiburi, na wapiga-foto nao wana vituko vyao. Lakini kabla ya kucheka, ingieni kwanza chini ya kile kitambaa cheusi mwone joto lake. Mkitoka humo mkiwa bado na mzaha, yaelekea utakuwa mwema. Na foto ikiwaonyesha jambo msilolipenda, mwangalieni kwanza aliyekaa kitini, ndipo mumgeukie fundi.